Sekunde tatu za kimya darasani Nyakabuye

Huko Nyakabuye, kata ya wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda, maji hutoka ardhini yakiwa moto. Wenyeji huyaita Amashyuza, na wapo wanaosafiri kutoka mbali kuja kujitosa humo wakiamini yanaponya viungo na magonjwa ya ngozi. Jirani na hapo huchimbwa mawe ya chokaa yanayolisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984 katika bonde la Bugarama. Kwa hiyo mtoto wa Nyakabuye anakua katikati ya kemia. Anaona jiwe likipakiwa kwenye lori, kisha anaona mfuko wa saruji ukirudi kijijini kumalizia nyumba ya jirani. Siku ya shule anaingia darasani, anafungua daftari na kunakili kutoka ubaoni, kwa Kiingereza, maana ya joto na maana ya mwamba. Kipindi kikiisha mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia kwamba limeelewa.

Yeyote aliyesoma Afrika Mashariki anakijua kiitikio hicho. Mwalimu hukata neno katikati, wanafunzi wakamalizia: "Maji huchemka kwenye nyuzi joto mi...?" "...a!" Kwa mpita njia, darasa limechangamka kweli. Kaa dawati la nyuma uone mengine. Wapo wanaovizia silabi ya kwanza kwa wenzao ndipo wadakie, na wapo wanaofungua midomo tu bila kutoa sauti. Kuitikia kwa pamoja ni maficho mazuri kuliko yote. Mtoto anaweza kuimaliza shule ya msingi akiwa amejificha humo, bila mtu kugundua kwamba hajapata kujibu swali akiwa peke yake.

Desturi hiyo ina umri wake. Misheni ya Mibirizi, si mbali na Nyakabuye, ilifunguliwa na Mapadre Weupe mwaka 1903, na katekisimu ya zama zile ilikuwa swali na jibu, vyote viwili vya kukariri. Shule zilizofuata zilirithi mtindo huo pamoja na chaki na kengele. Wala kukariri si dhambi. Jedwali la kuzidisha lazima likae kichwani, na anayelikosa atateseka hadi uzeeni. Ubaya unakuja pale mtoto anapokariri hata yale ambayo angeweza kuyaona kwa macho yake akitoka nje ya darasa.

Serikali ya Rwanda ililiona hilo. Mwaka 2015 ilizindua mtaala wa umahiri, na mwaka 2016 ukaanza kufundishwa kwa darasa la kwanza na la nne la msingi, pamoja na kidato cha kwanza na cha nne. Kenya iliingia njia hiyo mwaka 2017. Tanzania Bara ilikuwa imeshaanza na sekondari tangu 2005. Kote huko ahadi ilikuwa moja: mwanafunzi awe mtendaji, mwalimu awe mwelekezaji. Nchini Rwanda hata karatasi ya andalio la somo ilibadilika. Ina sehemu ya kazi za mwalimu, sehemu ya kazi za mwanafunzi, na sehemu ya stadi na masuala mtambuka, ambayo yako manane, kuanzia mazingira na jinsia hadi elimu ya fedha. Mwalimu anayeijaza karatasi hiyo usiku kwa uaminifu hubaki na nguvu kidogo sana za kutafuta swali moja zuri la kuuliza kesho yake.

Katika kujaza sehemu ya mwanafunzi, jibu la haraka likawa moja: wanafunzi wajadiliane katika vikundi. Basi vikundi vikawa ndiyo alama ya mtaala mpya. Mkaguzi akiingia akakuta watoto wameketi kwa duara, anaridhika. Mimi siridhiki. Kikundi cha watoto wanane, mara nyingi, ni mtoto mmoja anayefanya kazi, mmoja anayeandika kwa sababu ana mwandiko mzuri (aghalabu msichana), na sita wanaongoja kengele. Mvulana mwenye sauti ndiye atakayesimama kutoa ripoti, na atakachokisoma ni kile ambacho mwenzake aliandika. Kikundi cha namna hiyo ni maficho yaleyale ya kiitikio, ila sasa yana umbo la duara.

Hebu tupige hesabu. Kipindi ni dakika 40. Darasa likiwa na watoto 60, jambo lisiloshangaza mtu katika madarasa ya chini, kila mtoto angepata sekunde 40 za kusema, na hiyo ni kama mwalimu hatafungua kinywa kabisa tangu mwanzo hadi mwisho. Haiwezekani. Lakini wakigeukiana wawili wawili, kila mmoja akapewa dakika moja ya kumweleza mwenzake anavyofikiri, kwa dakika mbili tu watoto wote 60 watakuwa wamesema. Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliuandika utaratibu huo mwaka 1981: kwanza fikiri peke yako, kisha zungumza na jirani, ndipo mshirikishe darasa. Hauhitaji kusogeza dawati hata moja. Na yale madawati yetu marefu ya watoto watatu au wanne, yasiyohamishika kirahisi, yanafaa kuliko watu wanavyodhani: wawili wa mbele wakiwageukia wawili wa nyuma, tayari umepata makundi ya wanne ambamo hakuna pa kujificha.

Hatua ya kwanza, ile ya kufikiri peke yako, ndiyo inayorukwa. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alichunguza rekodi za sauti za masomo ya sayansi na kupima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza. Alikuta ni kama sekunde moja. Jibu lisipokuja, mwalimu hulirudia swali, humtaja mwingine, au hujijibu mwenyewe. Walimu walipojifunza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, "sijui" zikapungua, na watoto waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema. Sekunde tatu si kitu ukizisoma gazetini. Mbele ya watoto 60 zinakuwa ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Mwalimu anahisi kimya kile kinamshtaki, kwamba hakufundisha vizuri, na mkaguzi akiwa kwenye kona ya chumba hisia hiyo inazidi mara mbili.

Ajabu ni kwamba kungoja tunakujua tangu utotoni. Jioni nyumbani Rwanda, mtegaji wa vitendawili husema "Sakwe sakwe!" na wenzake hujibu "Soma!", sawasawa na "Kitendawili!" na "Tega!" ya wasemaji wa Kiswahili. Baada ya hapo mtegaji hana haraka. Hakati neno katikati ili amaliziwe. Anaacha watu wahangaike, wakisie, wakosee, wacheke; anayekosea hachapwi wala hazomewi, anajaribu tena. Bibi asiyejua kusoma anaendesha mjadala bora kuliko mwenye cheti cha ualimu kwa sababu anaufurahia mkanganyo wa wasikilizaji wake. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba hayo ni ya jikoni tu, hayana nafasi mbele ya ubao.

Sasa turudi kwenye lile jiwe la chokaa, kwa maana linatosha kufundishia wiki nzima bila maabara. Zinahitajika ndimu mbili, msumari, kipande cha jiwe la chokaa, jiwe jingine gumu linalong'aa kutoka kilimani, na ganda la yai. Walimu wa Tanzania wana neno zuri kwa zana za aina hii: za kufaraguza. Mwalimu anaweka jiwe la chokaa mezani, analikwaruza kwa msumari mpaka unga kidogo utoke, anakata ndimu, halafu anasimama. Bado hadondoshi. Anauliza kitatokea nini, na kila mtoto aandike utabiri wake kwenye daftari kwa maneno machache, kimyakimya, kabla hajasema na mtu.

Kisha jirani kwa jirani. Kisha mikono: wangapi wanasema jiwe litayeyuka? Wangapi wanasema litapata moto? Wangapi wanasema halitafanya lolote? Idadi zinaandikwa ubaoni, zote, bila mwalimu kutabasamu penye jibu sahihi (watoto ni mabingwa wa kusoma uso wa mwalimu). Anayesema litapata moto aulizwe kwa nini. Yawezekana ameona chokaa iliyochomwa ikimwagiwa maji ikatokota, na hapo mwalimu anagundua kwamba jibu lile lisilo sahihi limebeba ujuzi wa kweli kuliko jibu sahihi la kubahatisha. Ndipo ndimu inakamuliwa. Unga unatoa vipovu vidogo, vinachemka kama soda iliyofunguliwa. Jiwe la kilimani halifanyi kitu. Ganda la yai, ambalo karibu kila mtu alilisahau, nalo linatoa povu. Kelele zitakazozuka hapo ndizo kelele ninazozitetea mbele ya mwalimu mkuu yeyote.

Maswali yatafuata yenyewe. Hewa iliyo kwenye povu ndiyo ileile ya soda, kaboni dayoksaidi. Tanuru la saruji linapoichoma chokaa pamoja na udongo kwa joto la takriban nyuzi 1,450, hewa hiyo hutoka pia, na huko hakuna ndimu. Maji moto ya chini ya ardhi huibeba chokaa ikiwa imeyeyuka. Yakifika juu hewa inatoroka, na chokaa inaganda kuwa mwamba. Hivyo ndivyo yalivyojengeka baadhi ya mawe yanayochimbwa pale jirani na Amashyuza. Na mkulima wa milima ya magharibi mwa Rwanda anaponyunyiza chokaa shambani kwa sababu udongo wake una tindikali nyingi, anafanya kile ambacho mtoto amekiona mezani kati ya chokaa na ndimu. Mtoto akienda nyumbani kumweleza baba yake jambo hilo, huyo ameshasoma. Mtihani utamkuta njiani.

Ushahidi kwamba njia hii inazaa matunda upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Pale mhadhiri alipokuwa akihutubia tu, waliofeli walikuwa karibu asilimia 34. Pale wanafunzi walipofanyishwa kazi, karibu asilimia 22. Ni vyuo, na vingi ni vya Marekani, kwa hiyo mwalimu wa Nyakabuye ana haki ya kuuliza vinamhusu nini. Mfano wa karibu zaidi ni wa Mombasa. Katika miaka ya 1980 Bi Swafiya Said alianza kufundisha watoto wadogo wa madrasa kwa kucheza, kugusa, kupanga na kueleza, huku walimu wakiwa akina mama wa mtaani na zana zikiwa makopo, mbegu, makombe ya pwani na vifuu. Mpango huo, ukiungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan, ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Ulihitaji mtu wa kukaa na walimu wale darasani, wiki hadi wiki, mpaka wazoee.

Hapo ndipo semina zetu za siku mbili hotelini zinaposhindwa. Mwalimu hawezi kujifunza kungoja kwa kuonyeshwa slaidi zinazosema "ngojea". Anahitaji mwenzake aketi nyuma ya darasa na kalamu, aandike ni watoto gani waliosema leo na ni nani hakusema, kisha wanywe chai wakiongea juu ya hayo. Chuo cha ualimu cha Mururu kiko Rusizi hukohuko. Wanachuo wake wa mazoezi wangefaa sana kwa kazi hiyo ya kuhesabu, maana macho yao bado hayajazoea.

Kuna vitu vidogo vingine visivyogharimu chochote. Majina ya wanafunzi wote yaandikwe kwenye vijiti na kutiwa ndani ya kopo. Mwalimu aulize kwanza, angoje, ndipo achomoe kijiti. Akichomoa kabla ya kuuliza, watoto 59 wamepata likizo. Vile vibao vidogo vya kuandikia kwa chaki, vilivyotumika zamani kwa sababu daftari lilikuwa ghali, virudi: kila mtoto aandike jibu, wote wainue kwa pamoja, na kwa mtupo mmoja wa macho mwalimu ajue kama aendelee au arudi nyuma. Kipande cha mbao laini kilichopakwa rangi nyeusi kinatosha.

Nimechelewesha jambo zito kuliko yote, nalo ni lugha. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza. Mtaala wa 2015 uliacha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya mwanzo; Desemba 2019 wizara ikatangaza Kiingereza tangu darasa la kwanza. Zipo sababu za kiuchumi za uamuzi huo na sina ugomvi nazo leo. Lakini huwezi kumwambia mtoto ajadili, abishane na atoe hoja kwa lugha ambayo bado anaitafutia jina la kijiko. Atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaandikwa kuwa ni uzito wa kichwa. Njia ya kati ipo, na walimu wenye busara huitumia bila kuitangaza: wawili wawili wanong'one kwa Kinyarwanda, kisha mwalimu awape sentensi mbili tatu za Kiingereza za kuvalisha wazo walilokwisha kulipata. Wazo kwanza, vazi baadaye. Katika shule nyingi za kanda yetu bado ni kosa kusikika ukisema lugha ya nyumbani, na kwa kosa hilo tunajinyima nusu ya akili za darasa.

Kiswahili nacho kina nafasi ya pekee upande huu. Kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na kinafundishwa sekondari, lakini Bugarama hakikungoja sheria. Burundi iko ng'ambo ya mto Ruhwa, Kamanyola ya Kongo iko ng'ambo ya mto Rusizi, na soko linaongea Kiswahili cha mipakani, chenye nyama na mifupa. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari za huko ana bahati ambayo mwenzake wa Kigali hana. Awatume wanafunzi wakamhoji muuza mchele bei inapandaje na kushukaje kati ya mavuno na mavuno, warudi na maneno waliyoyasikia, wayapange ubaoni, wabishane lipi ni sanifu na lipi ni la mpakani. Siku hiyo yule wa dawati la nyuma, anayekwama kwenye masomo ya Kiingereza lakini huandamana na mama yake sokoni kila wiki, ndiye atakayekuwa mwalimu msaidizi. Nadhani kila mtoto anastahili siku kama hiyo angalau mara moja kwa muhula.

Hakuna atakayekana kwamba mzigo wa mwalimu ni mkubwa. Mambo kadhaa yamefanyika: kampeni iliyoanza mwaka 2020 ilijenga vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 nchini kote, wananchi wakichangia nguvu zao, na Agosti 2022 mshahara wa walimu wa msingi wenye cheti ukapanda kwa asilimia 88. Kuanzia 2021, katika shule za mpango wa RwandaEQUIP, walimu walipewa tableti zenye masomo yaliyokwisha kuandikwa hatua kwa hatua. Kwa mwalimu mgeni, anayetetemeka, hiyo ni fimbo ya kutembelea, na siidharau. Ila tableti haisikii. Haijui kwamba mtoto wa safu ya tatu amesema jiwe litapata moto na ana sababu.

Upinzani mkubwa, hata hivyo, hutoka kwa wazazi na walimu wa darasa la sita: "Hayo mazuri, lakini mtihani wa taifa hauna ndimu." Ni kweli. Basi tuanzie hukohuko kwenye mtihani. Chukua swali la zamani la kuchagua jibu, lenye A, B, C na D. Usiwaulize jibu ni lipi. Waandikie ubaoni kwamba jibu ni C. Sasa wape jozi za watoto dakika tatu: A si sahihi kwa nini? Anayechagua B atakuwa amechanganya nini na nini? Wakimaliza, watunge D nyingine, mbaya zaidi, itakayomnasa mwenzao wa dawati la pili. Swali moja la namna hiyo litakula robo ya kipindi, na mwalimu aliyezoea kupitia maswali ishirini kwa saa ataona anapoteza muda. Asogee katikati ya madawati asikilize. Atasikia hasa ni wapi wanapokosea, jambo ambalo maswali ishirini yaliyosahihishwa kwa wino mwekundu hayakuwahi kumwambia, na andalio lake la kesho litakuwa limeshajiandika nusu.